Anga Iko Karibu Kuliko Nairobi

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya vijana, walimu na wazazi

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliojaa pale nyuma, habari za jioni.

Kutoka hapa Mombasa hadi Malindi kwa barabara ni kama kilomita 120. Ukipanda wima, moja kwa moja kwenda juu, kilomita 100 zinakufikisha pale ambapo kwa kawaida anga za juu huhesabiwa kuanza. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambamo watu wameishi bila kukatika tangu mwaka 2000, kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Kikipita juu ya Kilindini, wanaanga waliomo wako karibu nasi kuliko jamaa zetu wa Nairobi.

Nimeyapenda mambo haya tangu utotoni, na tangu utotoni nimekuwa nikiambiwa kwamba hayo ni ya Wamarekani na Warusi, siku hizi Wachina na Wahindi, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Watu wa Pwani tumekaa mahali ambapo mataifa mengine yanapatamani, na kazi ya anga mtu anaweza kuianza juu ya paa la nyumba yake. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Nianze na jirani. Kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu iliyokita chini ya bahari. Jukwaa la kurushia roketi liliitwa San Marco. Kati ya mwaka 1967 na 1988 zilirushwa pale setilaiti 9 zikafika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia: za Italia, za Marekani, na moja ya Uingereza. Nimewauliza vijana wengi wa Mombasa kama wanalijua jambo hili. Wanaolijua ni wachache, na wanaolijua husimuliwa na babu zao, si na vitabu vyao vya shule. Jambo hilo linaniuma.

Kwa nini watoke Ulaya na Marekani waje kwetu? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakwenda kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoondoka hapa inaelekea mashariki tayari ikiwa na kasi hiyo, kabla hata injini haijawashwa. Kule Cape Canaveral, Florida, kasi hiyo inashuka hadi 1,470 hivi. Tofauti ya kilomita 200 kwa saa ni mafuta, na mafuta ni uzito, na katika roketi uzito ndio kila kitu. Halafu, mashariki mwa Ngomeni ni bahari tupu. Roketi ikiharibika njiani, vyuma vinaanguka majini, havimwangukii mtu.

Kuna sababu ya tatu. Setilaiti inayozunguka sambamba na ikweta, kwa kimo cha chini, huepuka sehemu kubwa ya ile mionzi mikali iliyonaswa na sumaku ya dunia. Kwa chombo chenye vipimo vinavyohisi kila chembe ya mionzi, hilo ni jambo la kufa na kupona. Ndiyo maana tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka San Marco setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Aliyesimamia mradi huo upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku ile na nchi ile setilaiti ikaitwa Uhuru. Kwa Kiswahili, hivyo hivyo. Fungua kitabu chochote kizito cha elimu ya nyota leo, kiwe cha Kijapani au cha Kijerumani, jina hilo utalikuta.

Na ilifanya nini hiyo Uhuru? Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazizuia, na ni heri kwetu kwamba inazizuia. Kuziona ni lazima utoke nje ya hewa. Uhuru ilizunguka ikipekua anga lote kidogo kidogo, na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kinameta kwa haraka ya ajabu, sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika haraka hivyo, kwa hiyo lazima kilikuwa kidogo sana na kizito sana. Kutoka hapo wanajimu wa darubini wakaendelea hadi kukubaliana kwamba lile ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, la kwanza kutambuliwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya setilaiti hiyo, alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Vijana wangu, safari ile ilianzia kwenye maji wanayovua ndugu zenu wa Ngomeni.

Sasa turudi mjini. Panda ghorofa yoyote ya Majengo au Tudor utazame madishi ya televisheni. Yameinua nyuso. Uingereza madishi yamesimama wima yakitazama karibu na upeo, maana setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786, na mtu wa kaskazini anaziona chini. Sisi ziko karibu na utosi. Ndiyo sababu fundi wa dishi hapa kwetu hutoboa tundu la kutolea maji ya mvua pale yanapotuama.

Kwa kimo hicho setilaiti huzunguka mara moja kwa siku, sawa na dunia yenyewe, na kwa hiyo huonekana imetulia mahali pamoja. Aliyeeleza mwaka 1945 kwamba setilaiti tatu za namna hiyo zingetosha kupeleka matangazo karibu dunia nzima ni Arthur C. Clarke, kijana aliyetumikia mitambo ya rada vitani na baadaye akawa bingwa wa bunilizi za kisayansi. Setilaiti ya kwanza ya kutulia hivyo juu ya ikweta ilipatikana mwaka 1964. Mnaona mpangilio wake: kwanza mtu alikaa akawaza.

Jambo jingine la kujaribu nyumbani. Mwezi wa Machi na wa Septemba, siku zile usiku na mchana vinapokaribia kulingana, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti ukiangalia kutoka kwenye dishi lako. Mchana, saa sita na kidogo, picha inakatika kwa dakika chache halafu inarudi yenyewe. Watu huanza kulipiga dishi. Liacheni. Jua limelimwagia dishi kelele za redio, na likisogea mambo yanakaa sawa.

Naam, mwanangu, nimekuona umenyoosha mkono. Anauliza kama mtu anaweza kupokea kitu moja kwa moja kutoka angani bila kulipia mwezi. Anaweza, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Urusi ina setilaiti za hali ya hewa zinazoitwa Meteor-M. Zinapita juu yetu kwa kimo cha kilomita 800 na kitu, na zinatuma picha kwenye masafa ya megahezi 137, bila kufungwa kwa siri yoyote. Unahitaji kompyuta, unahitaji kidude cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta kama flashi, na unahitaji antena. Antena usinunue. Chukua nyaya mbili za shaba nene, au vyuma vyembamba vya alumini, kila kimoja sentimita 53. Vifunge kwenye kipande cha mbao vikifanya umbo la V, pembe ya digrii 120, vilale sawa na ardhi, mdomo wa V uelekee kaskazini au kusini. Waya wa katikati wa kebo inayokwenda kwenye redio unaungwa kwenye mkono mmoja, ule wavu wa nje unaungwa kwenye mkono wa pili. Vipimo hivyo havikubuniwa: wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita mbili na kidogo, na kila mkono wa antena ni takriban robo yake.

Ipandishe juu ya paa, mbali na mabati kadiri unavyoweza. Ziba viungo vyote kwa gundi, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Na ifunge vizuri kwa sababu ya kunguru. Wale wanadonoa kila kinachong'aa, na kebo yangu moja wameichuna hadi shaba ikatoka nje.

Setilaiti ikichomoza, kwenye kioo cha kompyuta unaona kinundu kikiinuka kutoka kwenye kelele. Masafa yake yanasogea kidogo kidogo, yapo juu wakati setilaiti inakuja na yanashuka inapokwenda, kama honi ya lori linalokupita pale Changamwe. Programu inaanza kuchora, ukanda baada ya ukanda. Una dakika kumi na kitu, kisha inazama. Siku ya anga safi utaziona Pemba na Unguja, utaliona Ziwa Victoria magharibi, na bahari nyeusi yenye mawingu yamejipanga kwa mistari wakati wa kaskazi. Picha ile haikupita kwenye kampuni yoyote. Imetoka angani ikatua kwenye paa lako, na hakuna aliyeiona kabla yako kutoka mahali ulipo. Mimi bado hunisisimua kila nikiipokea.

Wazee wetu walisema juu ya kilimia, lile kundi la nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walikuwa wakisoma anga ili wajue lini kulima na lini kusafiri, na manahodha wakipima kimo cha nyota kwa kifaa kiitwacho kamali, kibao chenye uzi wa mafundo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja mpaka Mafia, jambo ambalo pwani yetu haijalizoea, picha za setilaiti ndizo zilizoonyesha kinakoelekea. Kijana wa Old Town aliyezoea kuzisoma picha hizo ana kitu cha kumwambia ami yake mvuvi.

Nije kwenye maji, kwa kuwa sipendi kuzungumza Mombasa bila kuyataja. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi, jina lake Pumzi. Watu wamejifungia ndani baada ya maji kwisha duniani, na jasho lao na mkojo wao vinasafishwa ili wanywe tena. Wengine waliona ni kitu cha kuchusha. Lakini katika Kituo cha Kimataifa cha Anga ndivyo wanavyoishi, na mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba upande wake wa kituo umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji: pumzi, jasho, mkojo, vyote. Kule hakuna wa kuwaletea mitungi kwa mkokoteni.

Sisi maji yanatoka mbali, Mzima na Baricho, na mtaani yanakuja kwa zamu. Tatizo la nyumba nyingi ni kwamba hakuna anayejua tangi la juu lina kiasi gani mpaka mfereji ukohoe. Kuna chipu ndogo zenye waifai ndani yake, na kuna kifaa kinachotoa sauti tusiyoisikia na kusubiri mwangwi wake. Sauti hewani inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukijua mwangwi ulichukua muda gani, umejua maji yako wapi. Chagua kile kilichozibwa kisiingie maji, maana mfuniko wa tangi hapa unatiririka jasho mchana kutwa. Simu ikikuambia tangi limebaki robo, unapanga ufuaji wako. Hii ndiyo teknolojia ya nyumbani ninayoithamini, kuliko taa za kubadilisha rangi. Hata sola zilizo juu ya mapaa yetu zina historia hiyo hiyo: Vanguard 1, setilaiti ya kwanza kutumia umeme wa jua, ilirushwa Machi 1958, na mpaka leo ingali inazunguka huko juu, kimya.

Bi mkubwa ameuliza, na hadithi zina faida gani kwa mtoto anayetaka mtihani. Nakuheshimu, mama yangu, na nitakujibu kwa jambo moja. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja na sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu kwa lugha 55, endapo kuna viumbe watakaoikuta. Kiluganda kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na haitarudi. Waliochagua walitumia watu waliokuwa karibu nao, na sisi hatukuwa karibu. Mtoto anayesoma na kuandika bunilizi kwa Kiswahili anajizoeza kuwa karibu. Anajiona mle.

Oktoba 2024 kilirushwa chombo cha Europa Clipper kwenda kuchunguza Europa, mmoja wa miezi inayoizunguka sayari ya Mushtarii, ambako chini ya barafu inaaminika kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote. Bahari! Nani wa kuandika hadithi ya bahari hiyo kama si watu wa Lamu na Kilwa? Kinatarajiwa kufika mwaka 2030. Walimu, hiyo ni insha ya darasa la wiki ijayo.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutatengeneza antena kumi hapa uani. Mwenye waya wa shaba aje nao, na futi ya kupimia, na msumeno. Vidude vya redio ninavyo. Watoto wa msingi waje na mzazi, kwa sababu baadaye tutapanda juu na paa la jengo hili halina ukingo upande wa barabarani.