Uniti Kabla, Uniti Baada: Mhadhara kwa Wavumbuzi Wanaoomba Ruzuku ya Serikali

Ahsante, Mwenyekiti. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mnaijua, SIDO, shirika la viwanda vidogo, mnaijua, na fomu wengi wenu mmeshazijaza, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza ruzuku ni nini. Nitasema lile lile ninalosema kila nikipewa kipaza sauti, na mliokwisha kulisikia mnivumilie. Maombi ya vifaa vya kuokoa nishati viwandani huanguka kwenye ukurasa wa vipimo. Mwombaji anaandika kwamba kifaa chake kinaokoa asilimia 37, mtathmini anauliza: asilimia 37 ya nini? Hapo kimya.

Tuanze na sanduku la kapasita, maana kila awamu ya maombi halikosi. Linabadilishwa rangi, linapewa jina jipya, linaitwa kiokoa umeme. Mwombaji anapiga picha ya klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma ampea: kabla ampea 20, baada ampea 12.6. Anaambatanisha picha, anaomba milioni kadhaa.

Tupige hesabu pamoja. Mota ya fezi tatu ya kilowati 15, volti 400, inavuta ampea 20, lakini haijabebeshwa mzigo wa kutosha, kwa hiyo pawa fakta yake, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, ni 0.6. Zidisha 1.732 kwa 400 kwa 20 kwa 0.6. Unapata kilowati 8.3. Sasa washa kapasita, pawa fakta ipande hadi 0.95. Ampea zinashuka hadi 12.6, kweli kabisa, hakuna aliyedanganya. Zidisha tena: 1.732 kwa 400 kwa 12.6 kwa 0.95. Kilowati 8.3! Mota inafanya kazi ile ile na inakula uniti zile zile, maana uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Kilichopungua ni mkondo uliokuwa ukienda na kurudi kati ya mota na transfoma bila kufanya kazi, kama daladala inayokwenda Mbagala na kurudi Kariakoo bila abiria: barabara imejaa, nauli hakuna.

Mnataka kuhakikisha? Hamisha klampu. Ukiibana upande wa juu wa kapasita, kuelekea kwenye ubao wa umeme, utasoma 12.6. Ukiibana kati ya kapasita na mota, utasoma 20, kama hakukuwa na kitu. Jaribio la dakika 2, halihitaji ruzuku.

Najua kuna anayesema moyoni: "Lakini bili ya kiwanda ilishuka, ninayo hapa." Nakubali. Mteja mkubwa wa TANESCO halipii uniti peke yake, analipia pia kilele cha mahitaji yake kwa kVA, yaani hesabu ile ile ya kilowati bila kuzidisha kwa pawa fakta. Katika mfano wetu kVA zimeshuka kutoka karibu 13.9 hadi 8.7, na hiyo ni pesa halali. Basi iandike hivyo: kifaa kinapunguza malipo ya kVA. Usiandike kwamba kinaokoa nishati, maana ukurasa wa uniti kwenye bili hiyo hiyo utakuumbua. Na mwenye kinu kidogo anayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambaye halipii kVA, umemuuzia sanduku la kumulika taa ya kijani.

Mwingine atasema nyaya nazo hupoteza umeme, mkondo ukishuka upotevu unashuka. Sawa, nao tuuhesabu. Upotevu kwenye waya unafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo ukishuka kutoka 20 hadi 12.6 inabaki karibu asilimia 40 ya upotevu wa awali. Kama nyaya zilikuwa zinapoteza asilimia 2, sasa zitapoteza 0.8. Umeokoa asilimia 1.2. Iombee ruzuku hiyo kama unaweza.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Ampea si uniti! Ukitoka na hilo tu, safari yako haikuwa ya bure.

Sasa kipimo chenyewe kinafanywaje. Chukua mvumbuzi aliyebadili umbo la nyundo za mashine ya kusaga mahindi, anadai inakula umeme kidogo. Kipimo ni uniti kwa tani ya unga, basi. Uniti kwa siku hazina maana, siku nyingine wateja hawaji. Mahindi yatoke fungu moja, unyevu upimwe, tuseme asilimia 13, na uandikwe kwenye kila jaribio. Chekeche iwe ile ile: ukitoka tundu la milimita 1 kwenda la milimita 1.5 umeme utashuka wenyewe bila uvumbuzi wowote, na unga utakuwa wa chenga. Nyundo za umbo la zamani nazo ziwe hazijatumika. Kulinganisha nyundo zako mpya na za zamani zilizolika ni kushindana mbio na mgonjwa. Pima kilo 500 kwa mzani, soma mita ya uniti kabla na baada, na ujue mashine ikizunguka tupu inakula kiasi gani.

Halafu pokezana: zamani, mpya, zamani, mpya, angalau mara tatu kila upande. Usifanye ya zamani yote asubuhi na mpya yote mchana, volti za asubuhi si za saa moja jioni na mashine iliyopata moto si ile iliyolala. Tuseme ya zamani inasoma uniti 29, 31 na 30 kwa tani. Hapo ukileta madai ya kuokoa asilimia 3, ujue mashine ile ile inapishana na wastani wake kwa kiasi hicho hicho bila kuguswa.

Mita iwe ya fezi tatu na iwe imehakikiwa. Wanaotumia vipimo vya kubana waya vyenye kumbukumbu, angalieni mshale ulioandikwa kwenye kila kibanio. Ukigeuza kimoja kati ya vitatu, fezi moja inasomwa hasi, na kwa mzigo uliosawazika jumla inabaki theluthi moja. Ukiona "umeokoa asilimia 67", usiite waandishi wa habari. Geuza kibanio.

Kuni sasa, kwa sababu viwanda vya chai vya Mufindi na Njombe vinakausha majani kwa kuni na kuna wenzetu hapa wana mabadiliko ya tanuri na boila. Kuni zenye maji asilimia 50 ya uzito wake hutoa karibu megajuli 8 kwa kilo. Zikikauka hadi asilimia 20 hutoa zaidi ya 14. Ukipima "kabla" mwezi Machi wa mvua na "baada" mwezi Septemba wa kiangazi, kilo za kuni zitapungua kwa zaidi ya asilimia 40 na boila haijafunguliwa hata nati moja. Pima unyevu wa kuni, pima kwa uzito na si kwa mita za ujazo, maana namna ya kupanga lundo nayo inabadili ujazo. Weka pia mita kwenye maji yanayoingia boila. Bila hiyo hujui ulitengeneza mvuke kiasi gani.

Serikali kudai vipimo si roho mbaya ya Kitanzania. Marekani, sheria ya mwaka 1974 ya utafiti wa nishati isiyo ya nyuklia iliipa taasisi yao ya viwango kazi ya kutathmini mavumbuzi ya nishati ya watu binafsi na kampuni ndogo kabla fedha haijatoka. Baadaye wizara yao ya nishati ikawa na ngazi mbili: hadi dola 50,000 kwa wazo la awali, hadi 250,000 kwa sampuli inayoendelezwa. Ushahidi mdogo, fedha ndogo. Wakenya mliopo hapa mna nafuu: kanuni zenu za 2012 zilitaka anayetumia uniti 180,000 na zaidi kwa mwaka akaguliwe nishati kila miaka mitatu. Omba kiwanda kikuonyeshe ripoti yake, kipimo cha kabla kimo humo tayari.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka, basi. Gharama ya mita na ya kuikodi iwe mstari wa bajeti, kabla ya kompyuta mpakato na semina. Barua ya kiwanda itaje mashine ipi, siku gani itasimamishwa, na nani atalipa uzalishaji ukisimama. "Tunaunga mkono ubunifu huu" haisaidii kitu. Fedha hutoka kwa awamu, kwa hiyo usipange kununua chuma cha awamu ya pili kwa fedha ya kwanza. Anayetaka hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, aende BRELA wanakosajili hataza kabla ya kuweka kifaa mezani MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu, asisubiri medali. Hewa ya kompresa nilitaka kuipa nusu saa: tundu la milimita 3 kwenye bomba la hewa yenye mgandamizo wa bari 7 linavujisha karibu lita 10 kwa sekunde, kilowati 3 hivi, usiku na mchana kompresa ikiwa imewashwa. Kwa hiyo anayeleta kifaa cha kompresa azibe matundu kwanza, ndipo achukue kipimo chake cha "kabla". Mlango wa maswali uko wazi, ila anayeniuliza la kapasita aje na mita ya uniti.