Ukubwa wa majeshi, na watu ambao hawakuhesabiwa

Shikamooni wazee wangu. Walimu na vijana wa Lindi, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie jinsi majeshi ya mataifa yalivyokua na kupungua. Wengi hudhani nchi yenye watu wengi ndiyo huwa na jeshi kubwa. Mimi naamini kilichoamua idadi ya askari, kwa sehemu kubwa ya historia, ni chakula na uchukuzi. Augusto wa Roma alitawala mamilioni ya watu, lakini lejioni zake, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Roma, zilikuwa 28 tu. Makabila ya Wajerumani yalipoangamiza tatu mwaka 9 B.K., hazikuundwa upya. Askari anataka mshahara, mkate na viatu, mwaka mzima, hata pasipo vita.

Wafaransa walijaribu kuvunja mpaka huo. Tarehe 23 Agosti 1793 serikali ya mapinduzi iliamuru vijana wasiooa waende vitani, wenye ndoa watengeneze silaha na kusafirisha chakula, wanawake washone mahema. Mwaka uliofuata jeshi lilikaribia watu 750,000. Napoleon naye akaingia Urusi mwaka 1812 na takriban 600,000, nao wengi wakamalizwa na njaa, maradhi na baridi. Alikuwa na watu, hakuwa na njia ya kuwalisha. Njia hiyo ilikuja na reli, na ndiyo maana mwaka 1914 Ulaya iliweza kupeleka mamilioni vitani na kuwalisha humo kwa miaka minne.

Sasa turudi huku kwetu, maana hapa ndipo hesabu inapoharibika.

Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani katika koloni hili lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu wachache mno. King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika la Waingereza, nayo ilikuwa na kama 2,300. Ukisoma hapo utasema vita vilikuwa vidogo. Lakini kusini huku reli ya kufika vitani haikuwepo, na mbung'o aliua farasi, punda na ng'ombe. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, amekula kilo 20. Askari aliye mbele anapata tano. Jeshi likisonga mbele zaidi, wapagazi wanaongezeka kwa kasi kuliko askari.

Mahiwa, hapo karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipigana akiwa na watu kama 1,500. Waingereza, pamoja na Wanaijeria waliowaleta, walikaribia 5,000, na zaidi ya 2,000 kati yao waliuawa au kujeruhiwa. Vitabu vingi huishia hapo. Ila katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, upande wa Uingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanahistoria wanakadiria waliokufa walikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa na posho isiyotosha. Upande wa Wajerumani nao uliwakamata watu na kuzoa chakula vijijini, na njaa ikafuata.

Naumia kila ninapoona vita hivyo vikielezwa kwa idadi ya askari tu. Aliyebeba risasi kutoka bandari ya Lindi ni sehemu ya jeshi lile sawasawa na aliyezifyatua.

Mwaka 1978, Idi Amin alipovamia Kagera, JWTZ ilipanuka ghafla kwa mgambo, JKT, polisi na magereza hadi kuvuka watu 100,000. Safari hii serikali ilichukua malori na mabasi ya watu kuwasafirisha. Mzigo ulishuka kichwani.

Walimu, nina ombi moja kwenu. Askari wengi wa Kizungu wa 1917 majina yao yameandikwa makaburini, na wapagazi wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Nyangao, Mtama na Mahiwa huenda bado zina koo zinazokumbuka babu aliyechukuliwa asirudi. Watumeni wanafunzi wakaulize majina hayo, wayaandike na kijiji alikotoka kila mmoja, na daftari likae shuleni. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na wazee.