Kwa Nini Sikuwaletea Lile Gari la Zamani

Assalamu alaikum, jamaa zangu wa Malindi. Tangu niwaonyeshe gari ninaloendesha sasa, swali limekuwa moja: lile la zamani mbona niliuzia watu wa vyuma chakavu badala ya kulituma nyumbani? Ami yangu wa Barani amenipigia simu mara tatu, na mara ya tatu sauti yake haikuwa ya kuuliza tena, kwa kuwa alikwishafyeka pahali pa kuliegesha chini ya mwarobaini. Nieleweke mapema kwamba sijisifu, maana hili la sasa ni la mwaka 2019 na ni la mkopo. Wala silalamiki, maana kuja London nilijileta mwenyewe.

Lile la zamani lilikuwa la dizeli, la mwaka 2008, la gia za mkono, na injini yake haikuwahi kunilaza njiani. Lililonishinda ni ada ya moshi. Tangu tarehe 29 Agosti 2023, gari lisilofikia kiwango cha usafi wa moshi hulipa pauni 12.50 kila siku linapotembea popote ndani ya London, yaani zaidi ya shilingi 2,000 za Kenya, hata ukienda kununua mkate tu. Mimi hufanya kazi ya usiku. Hutoka nyumbani saa nne na kurudi saa moja asubuhi, na kwa kuwa siku yao hubadilika saa sita ya usiku, zamu moja ilinigharimu siku mbili, pauni 25. Kwa hesabu yetu ya kuingia siku magharibi ningelipa mara moja! Nikisahau kulipa, faini ni pauni 180, nusu yake ukiwahi ndani ya siku 14, nami nilisahau mara mbili. Kinachouma zaidi ni kwamba jirani yangu ana gari la petroli la 2006, limechakaa kuliko langu, nalo halilipi hata senti, kwa kuwa katika viwango vya moshi vya Ulaya petroli hutakiwa kufikia Euro 4 tu, ilhali dizeli hudaiwa Euro 6, kiwango ambacho kwa kawaida hukipati katika gari lililotoka kabla ya 2015.

Msidhani hili jipya ni raha tupu. Jiwe liliruka likapasua kioo cha mbele. Katika lile la zamani fundi alikibadilisha barabarani nikimshikia taa, lakini hiki kina kamera nyuma yake inayopaswa kupimwa upya kwa mitambo, na bili ya kuipima ilikaribia bei ya kioo chenyewe. Nilipofungua buti kutafuta tairi la akiba nilikuta kopo la gundi na kipampu. Bima nayo ilipanda, kwani kampuni haikutaka hata kuisoma barua ya miaka yangu tisa ya kuendesha Malindi bila ajali.

Sasa, Ami, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo hilo la 2008 hata nauli ya meli ningelipa, bandarini Kilindini lisingetoka. Anayerejea kwa kuhama huweza kusamehewa ushuru, mradi awe ameishi nje miaka miwili na kulimiliki gari kwa mwaka mzima, lakini umri wa gari huhesabiwa vilevile.

Haya ni yangu peke yangu. Anayeishi nje ya London au anayefanya kazi mchana asiniige, huenda dizeli kuukuu ikamfaa miaka mingi bado. Na kwa wanaouliza kama hili la sasa ndilo nitakalokuja nalo: mkopo wake unakwisha 2028, na kufikia hapo nalo litakuwa limepitwa na ile miaka minane. Ami, hapo chini ya mwarobaini panda mihogo.