Kocha Aliyetoka Uwanjani Kabla ya Mchezo

Ndugu makocha, walimu wa michezo, wazazi mliofuatana na vijana wenu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kazi ya kocha mkuu wa mpira wa kikapu katika vyuo vya Marekani. Kazi hii huonekana vizuri zaidi ukimfuata mtu mmoja tangu siku aliyoajiriwa hadi siku aliyoondoka, kwa hiyo leo tumfuate John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Alikaa pale misimu 27, kuanzia 1972 hadi Januari 1999, akashinda mechi 596 na kupoteza 239. Nimemchagua kwa sababu aliitambua nguvu kubwa aliyonayo kocha wa chuo, ile ya kuamua nani aingie chuoni na nani abaki nje, na akaitumia bila woga.

Kwa wale mliozoea vilabu vya huku, kuna jambo la kulielewa kwanza. Enzi za Thompson kocha wa chuo hakununua wachezaji. Alizunguka mashuleni, alikaa sebuleni kwa watu, alimwomba mama amkabidhi mwanawe. Alichoweza kuahidi ni ufadhili wa masomo: ada, malazi, chakula, vitabu. Miaka yote ya Thompson, chuo hakikuruhusiwa kumlipa mchezaji mshahara. Kijana anacheza, chuo kinajaza uwanja, televisheni inalipa, kocha anaondoka na mshahara mnono. Fungu la kijana lilikuwa elimu. Akitoka bila elimu, ametumiwa tu. Ni neno zito, lakini sioni la kuliweka badala yake.

Thompson alizaliwa Washington mwaka 1941, wakati watoto weusi na weupe wa mji huo wakisoma shule tofauti. Baba yake alikuwa kibarua kiwandani, hajui kusoma wala kuandika. Mama yake alikuwa na cheti cha ualimu, lakini alifanya usafi majumbani mwa watu. Ile taulo nyeupe ambayo Thompson aliitupia begani kila mechi ilikuwa kumbukumbu ya mama huyo, aliyekuwa akijitanda taulo begani akifanya kazi jikoni. Shuleni John alichelewa kusoma, na wapo walimu waliomhesabu kuwa mtoto mzito wa akili. Naomba mliweke hilo kichwani, maana tutalihitaji.

Alikua akawa na urefu wa zaidi ya mita mbili, akachezea Chuo cha Providence, kisha timu ya kulipwa ya Boston Celtics, akiwa mchezaji wa akiba nyuma ya nyota Bill Russell. Akapata ubingwa mara mbili, 1965 na 1966, halafu akaacha kucheza na kurudi nyumbani kufundisha shule ya sekondari ya St. Anthony. Georgetown walipomwita mwaka 1972, timu yao ilikuwa imetoka kwenye msimu wa kushinda mechi 3 na kupoteza 23. Chuo kile ni cha Wajesuiti, shirika la Kanisa Katoliki, na wanafunzi wake walikuwa karibu wote weupe, ilhali wakazi wengi wa mji ule walikuwa weusi. Thompson alikwenda na Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa. Kazi ya mama huyo ilikuwa kufuatilia masomo ya wachezaji, na siku za mechi alikaa benchi pamoja na makocha. Sijui vilabu vingapi vya vijana hapa kwetu vina mtu wa namna hiyo karibu na benchi. Vingekuwa naye, mengi yangenyooka.

Mwaka 1975, timu ilipofungwa mfululizo, watu walining'iniza shuka dirishani mwa ukumbi wa chuo mechi ikiendelea. Juu yake waliandika tusi la rangi na kudai Thompson afukuzwe. Msimu huohuo timu ikafuzu mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa mara ya kwanza tangu 1943.

Sasa twende New Orleans, Machi 1982, fainali ya mashindano hayo dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina, watazamaji zaidi ya 61,000. Georgetown wana Patrick Ewing, kijana wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa Jamaika. Sekunde chache kabla ya mwisho, kijana mwingine wa mwaka wa kwanza, Michael Jordan, anatupa na kufunga: 63 kwa 62. Bado Georgetown wana nafasi. Fred Brown anapanda na mpira, anamwona mtu pembeni, anatoa pasi. Mtu yule ni James Worthy, mchezaji wa North Carolina. Mechi imekwisha. Mbele ya kamera zote Thompson akamkumbatia Brown, akamshikilia. Makocha wenzangu, nimeziona benchi zetu mtoto anapopoteza mpira dakika za mwisho. Nimeyasikia yanayosemwa. Kwa hiyo nawaombeni kila mmoja aitazame picha ile akirudi nyumbani.

Miaka miwili baadaye, katika fainali mjini Seattle, Georgetown waliifunga Houston ya Mnigeria Olajuwon 84 kwa 75, na mtu aliyekumbatiana na Thompson pale uwanjani ni Brown yuleyule. Thompson akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA. Waandishi walipomuuliza anajisikiaje kuwa wa kwanza, sifa hiyo aliikataa. Alisema walikuwepo weusi wengi kabla yake walioweza kuchukua kombe lile, ila walinyimwa nafasi.

Mwaka 1985 walirudi fainali, wakafungwa na Villanova kwa pointi mbili. Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 aliiongoza Marekani, wakatolewa na Wasovyeti, wakarudi na shaba. Hayo yameshasemwa sana na sitakaa hapo.

Nataka tukae Januari 1989. NCAA walikuwa wamepitisha kanuni iitwayo Pendekezo la 42. Kabla yake, kijana ambaye alama zake za sekondari au za SAT, mtihani wa kuingilia chuo, hazikutosha aliweza kupewa ufadhili, akakaa mwaka mmoja bila kucheza, akasoma. Kanuni mpya ilimnyima ufadhili wenyewe. Maana yake, mwenye fedha angeingia kwa fedha zake, na maskini angebaki mtaani. Hoja ya Thompson ilikuwa kwamba mtihani ule ulimpendelea mtoto aliyelelewa na kusomeshwa vizuri, na kwamba alama zake haziwezi kukuambia kijana atakuwa nani akipata walimu wa kweli. Wapinzani wake walisema anatetea uvivu. Lakini aliyetoa hoja ile ni yule mtoto aliyeitwa mzito wa akili.

Tarehe 14 mwezi huo Georgetown walikuwa wacheze na Boston College. Mechi ikikaribia kuanza, Thompson akasimama akatoka uwanjani, timu akawaachia wasaidizi. Mashabiki wakasimama kumpigia makofi. Mechi iliyofuata hakwenda pia. NCAA wakasogeza utekelezaji, na mwaka uliofuata wakailegeza kanuni. Kocha asiyeshinda angefukuzwa kwa kitendo kile. Yeye ushindi wake alioukusanya miaka yote aliutumia siku ile, na kwangu mimi hiyo ndiyo siku kubwa kuliko ile ya Seattle.

Hakuwa malaika. Mazoezi aliyafunga, waandishi walihesabiwa dakika za kuongea na wachezaji, na sauti yake benchini iliwatisha hata waamuzi. Timu zake zilicheza kwa nguvu hadi ngumi. Wengine walimwona mtu mwenye shuku kwa kila mtu. Shuku hiyo nyakati nyingine ilikuwa na sababu. Alipojua kwamba Rayful Edmond, mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya mjini, anazoeana na wachezaji wake, alimwita ofisini na kumwambia akae mbali nao. Na Allen Iverson, aliyekuwa ametoka gerezani na vyuo vikimkwepa, aliombewa nafasi na mama yake. Thompson akampokea. Iverson amesema hadharani kuwa kocha huyo aliyaokoa maisha yake.

Ofisini aliweka mpira wa kikapu uliotolewa upepo. Alitaka kila kijana aingiaye aone kilichobaki upepo ukiisha. Kati ya waliokaa naye miaka yote minne, asilimia 97 walipata shahada. Wazazi, hilo ni swali lenu. Kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut katika Big East, ligi ileile ya Georgetown, akawa wa pili kuchaguliwa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, kwa hiyo makocha wa huko wanaijua njia ya kuja kwetu. Wakija, waulizeni wangapi wamemaliza masomo mikononi mwao. Watakeni wataje idadi.

Wa mwisho ninayetaka kumtaja ni jirani yetu. Mwaka 1987 Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Georgetown kwa ufadhili wa masomo, nia yake kusomea udaktari. Thompson akamwona na kumvuta kwenye timu. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akaenda NBA, akawa mmoja wa wazuiaji wakubwa wa mitupo waliopata kutokea. Hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa mwaka 2007. Thompson aliishi kuiona. Alifariki Agosti 2020. Mutombo alimfuata Septemba 2024, na wagonjwa bado wanatibiwa pale.

Mimi nimemaliza. Nitaanza na maswali ya vijana walioketi nyuma, kisha makocha.