Serotonini haibebi furaha

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na poleni na joto.

Wengi wenu mmesikia kwamba ndizi mbivu ina serotonini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana ujumbe, kwa hiyo ukila ndizi unapata furaha. Serotonini kweli imo. Mgonjwa anayepimwa mkojo kutafuta mabaki yake hukatazwa ndizi siku chache kabla, maana huvuruga majibu ya maabara. Lakini kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na serotonini haikipiti.

Ubongo hujitengenezea yake. Malighafi ni triptofani, iliyomo kwenye maharage, mayai na samaki. Hiyo ndiyo inayopita. Seli zinazofanya kazi hiyo zimo kwenye shina la ubongo, nazo ni laki kadhaa tu kati ya takriban bilioni 86, ila nyuzi zake zinafika karibu kila pembe ya ubongo.

Seli mbili za neva zinapokutana, huacha mwanya mwembamba mno. Umeme ukifika mwisho wa uzi, kalsiamu inaingia, na vifuko vilivyojaa serotonini vinajibandika ukutani na kuimwaga mwanyani. Ng'ambo vipo vipokezi, yaani protini zinazoupokea ujumbe, na hapa naomba mnisikilize vizuri: serotonini ni ileile, vipokezi ni aina zisizopungua 14. Kimoja kikiguswa, seli inatulia, kingine kinaiamsha. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika wanayopewa wanaotibiwa saratani, inaziba aina moja tu. Mjumbe ni yuleyule, lakini maana ya ujumbe inaamuliwa na anayeupokea. Ndiyo maana jina la "homoni ya furaha" linanikera, linawapotosha wagonjwa.

Ujumbe ukishafika, serotonini haiachwi izagae. Protini maalumu inaivuta irudi kwenye seli iliyoimwaga. Fluoksetini, dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, inaiziba protini hiyo, na serotonini inakaa mwanyani muda mrefu zaidi.

Kuziba huko huanza ndani ya saa chache. Mbona basi mgonjwa wa sonona hungoja wiki mbili hadi sita apate nafuu? Maelezo mojawapo ni kwamba seli inayomwaga nayo ina vipokezi vyake. Ikihisi serotonini imezidi, inapunguza kumwaga, na huchukua wiki kadhaa mpaka vipokezi hivyo vizoee. Tena uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 haukupata ushahidi thabiti kwamba sonona inaletwa na upungufu wa serotonini. Dawa inawasaidia wengi, ila kisa cha "imepungua, tunaijaza" ni chepesi mno.

Kabla ya nafuu, kinachotangulia ni kichefuchefu. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni. Vittorio Erspamer wa Italia aliikuta huko miaka ya 1930, kabla Betty Twarog hajaionyesha kwenye ubongo mwaka 1953. Kwa hiyo tumbo linaisikia dawa mapema, moyo bado mzito, na mtu anasema dawa imemkataa, anaitupa. Inaniuma sana, kwa sababu wengi kichefuchefu hupungua baada ya wiki moja au mbili.

Mama pale mbele ameuliza kama mtu aliyepata nafuu anaweza kuacha dawa mwenyewe. Hapana, mama. Akiacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hata kuhisi kama anapigwa shoti kichwani. Arudi kwa daktari, dozi ipunguzwe kidogo kidogo.