Maharage, mkaa na hesabu ya mtu mmoja

Haya jamani, shikamooni wakubwa zangu, na nyie wengine mambo zenu. Huko nyuma mnanisikia? Kabla sijaanza hebu angalieni hapo mezani, hiyo ni presha kuka ya umeme, ndani kuna maharage kilo moja nimeyaloweka tangu jana jioni, dada wa kantini kaniwashia kabla hamjaingia, na hako kadude kalikochomekwa kwenye soketi ni kamita ka kupimia umeme. Tuyaache yachemke, tutarudi.

Mada niliyopewa ni kwamba mimi mtu mmoja, nikizima taa, nikipanda mti, nikiacha mkaa, joto la dunia litapungua? Jibu fupi ni hapana. Nalisema mapema ili wenye haraka waende zao (kicheko). Jibu refu ndo limenileta.

Dunia nzima kwa mwaka inatoa kama tani bilioni 37 za hewa ukaa, ile hewa inayoongeza joto la dunia, kutokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji. Ukigawanya kwa kichwa, Mtanzania anapata kama robo tani. Mmarekani tani 14 hivi. Yaani ya kwako ya mwaka mzima mwenzio anaimaliza kwa wiki moja, alafu unakuta semina hotelini, kiyoyozi kinavuma, mtu kasimama anamwambia bibi wa Kisarawe apunguze. Apunguze nini sasa? Bibi ana taa ya sola na redio!

Na mnakumbuka 2020? Ndege chini, shule zimefungwa, miji mikubwa watu wamejifungia ndani miezi. Hata ungewahubiria watu miaka 20 usingewafanya wakae ndani namna ile. Hewa ukaa ya mwaka ule ilishuka asilimia 5 hivi, basi, na 2021 ikapanda tena karibu pale pale. Kwa nini? Kwa sababu wewe ukijifungia ndani, friji lako bado linakula umeme, na kama umeme wa nchi yako unatoka kwenye makaa ya mawe basi makaa yanaendelea kuungua, tanuri la chuma halizimwi, kiwanda cha saruji hakizimwi. Tabia yako ni kitu kimoja, waya ulioungwa nyumbani kwako ni kitu kingine, na huo waya hukuuchagua wewe.

Ndo maana mi nikisikia habari za "unyayo wa kaboni", yaani hesabu ya hewa ukaa anayoitoa mtu mmoja, huwa natabasamu kidogo. Waliolitangaza sana hilo neno kwa watu wa kawaida miaka ya 2000 ni kampuni ya mafuta, BP, na wakaweka na kikokotoo kwenye tovuti yao ujipigie hesabu mwenyewe. Muuza mafuta anakuuliza wewe mnunuzi umechafua kiasi gani! Uswahilini tunasema nini, mwizi anapiga kelele za mwizi.

Sasa msije mkatoka hapa mkasema mzee kasema tuendelee kukata miti. Hesabu ya kilo ni ndogo, nimekubali. Ila kuna vitendo vinaishia kwako na kuna vitendo vinaambukiza, na mi siku hizi nauliza hivyo tu, hiki unachofanya, jirani akikiona ataiga?

Chukua jiko la mkaa lile la bati lenye udongo ndani, limebanwa kiunoni, kila nyumba hapa mnalo au mmekua nalo. Wazo lake limetoka Thailand, Kenya wakalifanyia kazi miaka ya mwanzo ya 1980, mafundi jua kali wa Nairobi wakalichonga wakalirekebisha mpaka likakaa sawa. Linakula mkaa pungufu kuliko lile la bati tupu, thuluthi moja mpaka nusu. Hakuna aliyepita mlango kwa mlango akifundisha tabianchi. Mama kamuona mwenzie gunia linamfikisha mwisho wa mwezi na lake limeisha tarehe 18, kauliza umenunua wapi, imeisha hiyo. Huyo mama hajawahi kusikia neno kaboni, ila jiko alilolinunua limeonekana na jirani na jirani wa jirani, na fundi akapata sababu ya kutengeneza lingine.

Na mkaa kwetu sio kitu kidogo, tena ile robo tani niliyoitaja haikuhesabu mkaa wala msitu unaokatwa. Tanuri la udongo kule porini, kuni kilo kumi unapata mkaa kilo moja na nusu, mbili ukibahatika. Zilizobaki zimekuwa moshi. Kwa takwimu za serikali tunapoteza zaidi ya hekta laki nne za misitu kwa mwaka, sio zote kwa mkaa, mashamba nayo yamo, lakini mkaa una sehemu yake kubwa na mlaji mkubwa wa huo mkaa ni hili jiji tulilokaa, Dar.

Kuhusu kupanda miti niseme haraka kwa sababu hapo nina donda. Niliwahi kwenda zoezi moja, tisheti tumepewa, picha tumepiga, mgeni rasmi kachimba shimo moja. Nimerudi baada ya mwaka, mbuzi wananitazama tu (kicheko). Mti mmoja mkubwa unanyonya labda kilo 20 za hewa ukaa kwa mwaka, na huo ni ule uliomwagiliwa ukakua.

Wangari Maathai, yule mama wa Kenya mtetezi wa mazingira, tunamkumbuka kwa miche, mwaka 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti saba Nairobi, ndo mwanzo wa Green Belt, harakati yake ya kupanda miti. Lakini mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, yeye akaandika barua, akatukanwa mpaka bungeni, na ghorofa halikujengwa. Ile bustani ipo mpaka leo kwa sababu ya barua. Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004 hawakumpa kwa kuchimba mashimo tu.

Au nendeni Gazi, Kwale, pale pwani ya Kenya. Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa, yaani wanaotaka kufidia uchafuzi wao wanawalipa, kama tani 3,000 kwa mwaka, hela inaingia kwenye maji na shule. Tani 3,000 kwenye bilioni 37 huioni hata kwa miwani. Ila Vanga hapo chini mpakani na sisi wameona, nao wakaanzisha ya kwao.

Mkono nimeuona, wewe mwenye kofia. Anauliza, mwalimu, si hata mtungi wa gesi ni mafuta yale yale? Swali zuri na wengi wanalikwepa. Ndio, gesi ya mtungi inatoka kwenye mafuta na gesi asilia na inatoa hewa ukaa. Ila ukilinganisha na mkaa wa tanuri la udongo unaokula msitu, na moshi unaoingia kifuani kwa mama na mtoto mgongoni, mi nachukua mtungi bila kufikiria mara mbili. Serikali imeweka mkakati wa mpaka 2034 asilimia 80 wapikie nishati safi, sawa, lakini mtungi usiwe kituo cha mwisho. Saivi tuna Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, maji yanazungusha mitambo, umeme upo, na bado watu tunaogopa kupikia umeme tukidhani ni wa matajiri.

Mimi mwenyewe niliogopa. Wife ndo alinunua hiyo kuka, nikanuna wiki nzima kuhusu luku. Baadae nikakaa nikapiga hesabu, maharage kwa mkaa yanataka wa buku mbili na mtu wa kukaa anapepea. Unit moja ya umeme haifiki shilingi 400. Ikawa aibu yangu. Jirani akaja kuomba tumchemshie kongoro, wiki iliyofuata kanunua ya kwake, na mdogo wake wa Kimara naye kanunua.

Haya, dada naomba uifungue, taratibu, toa mvuke kwanza. Bonyeza moja ukipenda, jitu zima usiogope. Yameiva? Yamepondeka kabisa. Kamita kanasoma unit 0.29. Piga hesabu, hiyo ni kama mia moja na kidogo. Nani kaja na chumvi?