Kula kwa Kituo: Matembezi ya Chakula cha Mtaani Osaka

Ndugu wasikilizaji, karibuni. Wajapani wana neno tabearuki, yaani kula huku unatembea. Msilichukue kama lilivyo. Huko Osaka wenye maduka wengi hutaka mteja ale palepale mbele ya duka, kisha awarudishie sahani na kijiti, kwa sababu mapipa ya taka barabarani ni ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo ukipanga matembezi, hesabu vituo, usihesabu kilomita. Vituo vitano kwa saa tatu vinatosha. Cha sita watu hukitazama tu.

Anzieni soko la Kuromon, lenye urefu wa mita 580 hivi, kabla ya saa tisa alasiri, maana maduka yake mengi hufunga mapema. Dotonbori, mtaa wa migahawa na mabango ya taa, iwekeni ya usiku, taa zikishawaka. Kutoka hapa hadi pale hata robo saa haifiki.

Sasa takoyaki, ambayo kwetu sisi haihitaji utangulizi mrefu: chukua kikaango cha vitumbua, kijaze pweza. Tofauti iko kwenye rojo. Kitumbua kina mchele, tui na hamira. Takoyaki ina unga wa ngano, mayai na dashi, mchuzi mwepesi wa mwani mkavu na samaki aliyekaushwa kwa moshi. Gramu 200 za unga huchukua mayai 2 na mililita 800 hivi za dashi. Ndiyo, ni majimaji namna hiyo. Anayeogopa na kuongeza unga hupata donge kavu.

Chuma kiwe moto sana na mafuta yafike hata kwenye kingo za vishimo, la sivyo rojo hunata. Humiminwa hadi lifurike juu ya vishimo, kisha kila kishimo hutiwa kipande cha pweza, vitunguu vya majani, tangawizi nyekundu ya siki na chembe za unga uliokaangwa. Chini kukishika, mpishi hukata furiko kwa sindano ndefu, huzungusha kila tonge robo mzunguko na kusukumia mabaki ndani. Hapo ndipo duara linapopatikana. Akigeuza mapema, linapasuka. Akichelewa, nusu ya juu haishikamani na ya chini.

Mlaji naye ana kosa lake: kutia tonge zima mdomoni. Nje limepoa, ndani bado ni uji unaochemka. Litoboeni kwa kijiti, mvuke utoke, msubiri dakika mbili tatu. Kiongozi wa matembezi autumie muda huo kueleza, si kuhimiza watu waondoke.

Kushikatsu, mishikaki iliyovingirishwa chenga za mkate na kukaangwa, ina sharti moja: penye bakuli la sosi la wote, chovya mara moja tu, kabla ya kuuma. Ukitaka zaidi, ichote kwa jani la kabichi. Waislamu wawe macho hapa, maana mafuta huweza kuwa ya mnyama na nguruwe hukaangwa humohumo. Ulizeni: "Butaniku haitte imasu ka?" Hilo ni swali la nyama ya nguruwe tu. Kuhusu mirin, kiungo cha pombe kinachoingia kwenye sosi nyingi, ulizeni peke yake.

Vitamu viwe mwisho. Mitarashi dango ni vidonge vya unga wa mchele vilivyochomwa kijitini na kupakwa mchuzi mzito wa soya na sukari. Msiviweke friji mkidhani mtavila kesho: wanga wa mchele ukipoa hukaza, vikawa kama mpira.

Zenzai huwashangaza wengi, kwani ni maharage madogo mekundu, azuki, yaliyopikwa yakawa supu tamu. Maji ya kwanza humwagwa kuondoa ukakasi, na sukari hungoja hadi maharage yalainike kabisa. Ikitangulia, maganda hubaki magumu. Pembeni huja mwani wa chumvi. Usiuchanganye bakulini, utafune kidogo kidogo utamu unapokukinai. Ndani ya supu mna mochi, tonge la mchele wa kunata linalovutika. Wazee na watoto wakatiwe vipande vidogo, watafune sana kabla ya kumeza, kwa sababu hukwama kooni.